Unga wa Mzee Koech

Jumatatu, 3 Juni 1996
Inatangazwa kwa wote wanaohusika, yaani mimi, kwamba kiti cha maabara kimepoteza mguu mmoja. Mguu umeshatumika kuchemshia chai. Nasoma slaidi nikiwa nimesimama. Kazi yangu: kuangalia vijidudu vya malaria vikifa. Nilijifunza mwenyewe kwa kuchungulia.

Daktari Njeri ameleta kitu kipya cha kujaribu, unga mchungu wa mizizi wa Mzee Koech wa Sigowet. Watu wanauamini sana huo unga. Mama yangu pia, na anaunywa. Ana homa, na mambo ya hospitali hataki kusikia.

Alhamisi, 6 Juni
Unga unaua. Vijidudu vilivyotoka Nairobi vimekwisha. Daktari ameimba wimbo wa kanisa, vibaya. Dawa mpya, ya msitu wetu. Jina ameshaanza kulitafuta.

Nyumbani Mama ametulia kidogo. Anajikuna mgongo kwa mwiko. Nimelaumu viroboto.

Ijumaa, 7 Juni
Vijidudu vya huku kwetu, vya wagonjwa wa hospitali ya Longisa, vimewekewa unga. Vinanenepa.

Daktari amepanga matokeo kando ya yale ya dawa zote tulizowahi kujaribu. Anasema dawa mbili zikiua vijidudu vilevile na kushindwa na vilevile, huenda zinapiga mahali pamoja. Unga umefanana na klorokwini, ile dawa ya zamani ya hospitali, mstari kwa mstari. Hata kwa slaidi: tumbo la kijidudu limevimba vilevile. Kwa hivyo mti wa ajabu, lakini unagonga mlango wa zamani, na vijidudu vya huku vimeshajifunza kuufunga.

Daktari amehuzunika kisayansi. Mimi nimemfikiria Mama. Nimeogopa.

Jumamosi, 8 Juni
Mama amewaka tena. Anaongea na shangazi aliyekufa. Nimesema tunaenda Longisa.

“We weri, mwanangu, dawa ya hospitali inawasha mwili. Ya Koech ni ya msitu.”

Alisema akijikuna. Nimembeba hadi kwa pikapu ya maziwa. Amewekewa dripu ya kwinini. Kwa karatasi za Daktari, hiyo bado inaua hata vya huku. Natumaini karatasi zinajua.

Jumapili
Hajaamka. Sikwenda kanisani.

Jumatano, 12 Juni
Mama amerudi nyumbani. Amekula ugali na kutukana mboga yangu. Amepona.

Daktari ameandika ripoti: mmea wa Sigowet unapiga tumbo la kijidudu. Kumebaki kuonyeshwa mti wenyewe. Mzee Koech anasema ni mbali, na kuna matope.

Ijumaa, 14 Juni
Mvua. Nilipita Sigowet, dukani kwa Kamau, kununua misumari ya kiti. Nikamuuliza kama anajua Mzee Koech anachimba wapi ile mizizi.

Mambo ya mizizi hajui. Anajua tu kwamba kila siku ya soko Mzee hununua kwake klorokwini, mkebe mzima.