Tiki Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Siafu amenipokonya kalamu sasa hivi. Mpaka namkamata, ameshapiga tiki ukutani, kwenye mlango wa kabati, kwenye goti lake mwenyewe, na moja ndefu katikati ya ukurasa huu — hii hapa, nimeiacha. Kila akipiga anasema, "Tayai!" Ana miaka miwili kasoro mwezi, na kajifunza kwangu. Ananiona na fomu zangu za kazini. Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikakumbuka jambo, kicheko kikaniishia mdomoni.

Sitaliandika. Si jambo. Limeshapita.

Niandike ya heri. Leo Bosi kanisifu mbele ya watu! Kasema, "Mnamwona huyu? Alikuja hapa kupiga deki. Leo anatengeneza masomo." Nikaangalia viatu vyangu. Lakini ni kweli. Shule niliishia njiani, mikono yangu ilijua ndoo na tambara tu. Fundi wa mfumo, ule wa kompyuta unaobeba masomo yetu, ndiye aliyenifundisha. Mwanzoni sikuelewa kwa nini kila somo lifungwe kwa kipimo kile kile, na orodha ya kurasa zake, na lijue kuuambia mfumo, "Mwanafunzi kafika hapa, mwanafunzi kamaliza." Akaniuliza, "Mama Siafu, chupa ya mtoto ukinunua duka hili, na kifuniko ukanunua duka lile, bila kupatana vipimo, itakuwaje?" Nikamwambia maziwa yatamwagika. "Basi umeshahitimu," akasema.

Kozi yangu ya kwanza ni ile ya uhudumu wa wagonjwa, tuliyokitengenezea chuo. Masomo kumi na mawili. Kurasa nilipanga mimi, rangi nilichagua mimi, na kile kitufe cha kijani cha MALIZA, chini kabisa upande wa kulia, ni changu. Watu wanajifunza kwa kompyuta au simu, popote walipo. Na mmoja wao ni wifi yangu! Anakaa nasi, ananilelea Siafu nikiwa kazini, na huku anasoma kwenye simu. Mkono mmoja kijiko cha uji, mkono mwingine somo la vidonda.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi nimemkuta wifi kanuna. Kasoma masomo yote, kayamaliza tangu wiki iliyopita, lakini mfumo unaandika "Anaendelea." Yote kumi na mawili. Anaendelea, anaendelea, anaendelea. Na chuo kimetangaza: atakayefanya mtihani ni yule tu ambaye mfumo umemwandika "Amemaliza" kabla ya Ijumaa ya tarehe 14, saa sita mchana. Baada ya hapo ni mwakani.

Nikamwambia huenda mtandao unachelewa. Kaniamini. Mimi ndiye mtu wa ofisini.

Baba Siafu yeye hakuamini. Kasema ukubwani mtu hadanganyi kama mtoto, na kwamba siku nzima dada yake yuko na simu, kumbe anaangalia vichekesho. Wifi akamjibu, "Kaka, niulize swali lolote la somo lolote." Akamuuliza mgonjwa wa kulala anageuzwa kila baada ya muda gani. Akajibu bila kupepesa: saa mbili, na akaeleza kwa nini. Baba Siafu akasema, "Hata kasuku anajibu."

Wifi akainamia simu yake. Nilikuwa nasonga ugali, nikausonga mpaka ukawa jiwe.

Ijumaa, 7 Machi

Si wifi peke yake. Fundi kasema wanafunzi arobaini, walioandikwa "Amemaliza" ni tisa tu. Thelathini na mmoja wanalalamika. Wengine wamekiandikia chuo barua.

Bosi kaja juu. "Wavivu hao! Wanataka cheti kama wanaokota embe." Halafu akamgeukia Fundi: kama si wao waongo, basi mfumo wako unakula alama za watu. Chagua.

Fundi hakupaza sauti. Akafungua jalada, akatoa fomu. Fomu yangu! Ina visanduku viwili kwa kila somo, JARIBIO LA KOMPYUTA na JARIBIO LA SIMU, na chini sahihi yangu. Akasema, "Masomo hayana tatizo, yamejaribiwa yote. Huyu mama hakosei. Kosa litakuwa kwangu, ngoja nilitafute."

Huyu mama hakosei.

Haya, basi niandike. Kitabu hiki hakina mdomo.

Ilikuwa Alhamisi moja ya Januari. Siafu alikuwa na homa ya siku ya tatu, wifi kanipigia kasema mtoto hanywi hata maji. Nilikuwa nimeshajaribu masomo yote kwenye kompyuta, yanakwenda kama maji kwenye mteremko. Yalibaki ya simu. Fundi alisema simu ya majaribio iko kwenye droo yake. Sikuifungua droo. Nilishika kalamu nikashuka nayo kutoka juu hadi chini: tiki, tiki, tiki. Kumi na mbili kwa pumzi moja. Nikatia sahihi nikakimbia.

Siafu alipona siku iliyofuata. Ningeweza kurudi nikajaribu. Hakuna ambaye angenisema. Ningeomba tu, wangenipa siku nzima.

Jumapili, 9 Machi

Leo mchana Siafu kalala, Baba Siafu katoka. Nikamwambia wifi nipe simu yako nione. Nikafungua somo la kwanza, nikateremka kurasa zote kama mwanafunzi. Nikafika mwisho. Maandishi yakaisha: "Hongera, umefika mwisho wa somo." Na hapo hapo ndipo panapotakiwa kuwa na kitufe changu cha kijani.

Hakuna.

Nikasogeza juu, nikasogeza chini. Nikaigeuza simu ikalala ubavu. Ukingoni kabisa pakatokea kitu cha kijani, chembamba kama ukucha wa Siafu. Kidole hakikipati. Kwenye kioo kipana cha kompyuta, walikosomea wale tisa, kiko pale kinang'aa, kwenye simu kimemwagikia nje. Na bila kubonyezwa kile, somo haliuambii mfumo chochote. Linabaki bubu. Watu wanasoma hongera, wanafunga simu, wanakwenda zao kupika.

Nami ndiye niliyesema kiwekwe pale. Nilisema panapendeza.

Wifi kaniuliza, "Umeona nini?"

Nikasema, "Bado natazama." Mungu nisamehe. Alikuwa anamchana Siafu nywele usingizini, polepole, asimwamshe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika kabla ya watu. Nimekipandisha kitufe katikati, nimekijaribu kwenye simu ya droo — leo ndiyo nimeifungua hiyo droo! — nimevifunga upya vifurushi vya masomo na kuvirudisha kwenye mfumo. Kumi na mbili. Nikatazama saa. Ilikuwa kazi ya saa moja unusu.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia watafungua tena, watabonyeza, yaishe. Nani kaumia?

Jumatano, 12 Machi

Nimeharibu zaidi.

Somo likirudishwa jipya, mfumo unalihesabu jipya. Aliyekuwa ukurasa wa mwisho anaanza ukurasa wa kwanza, na ukurasa haukuruhusu kuruka mpaka dakika zake ziishe. Hilo nililijua. Nilisoma siku ya kwanza kabisa. Katika haraka ya kuficha sikulikumbuka. Masomo kumi na mawili, kila moja saa tatu, siku nne tu, na watu wana kazi na watoto!

Wifi hakulalamika. Kasema, "Kama ni kurudia, nitarudia." Kambeba Siafu mgongoni, kaegemea mlango, anasoma. Leo asubuhi natoka yuko somo la tatu, narudi yuko la tano, uji wa mtoto umeungua, macho mekundu kama kakata vitunguu.

Na ofisini ndiyo balaa. Fundi kaja mezani kwangu kwa furaha: "Maajabu, Mama Siafu! Tangu juzi simu zimeanza kuhesabu. Na sijagusa kitu!" Siku tano hizi anatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Ndevu hajanyoa. Kabla sijafungua mdomo Bosi akadakia toka kule kwake, "Si niliwaambia? Walikuwa hawajasoma. Wamebanwa, sasa wanasoma! Wavivu watupu."

Dawa yangu ya siri imegeuka ushahidi. Dhidi ya wifi. Dhidi ya thelathini na mmoja.

Kila mtu akaondoka na lake, nikabaki na Fundi. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: zile alama za zamani zimepotea kabisa? Akasema hapana, mfumo unaweka nyayo. Nani alifungua ukurasa upi, saa ngapi, alikaa dakika ngapi. Zipo zote. Basi mbona chuo kisipewe hizo? Akacheka kwa uchovu. Chuo kitazikubali, kasema, ila Bosi aandike kuwa kosa lilikuwa letu, na ni kosa gani. "Na kosa lenyewe silijui. Niandike nini, jini?"

Kwa hiyo inahitajika sentensi moja. Ninayo mimi.

Mkataba wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi. Bosi kashasema Aprili ananipa meza ya ukaguzi — mimi niwe mkaguzi! Nikisema, kibarua kimeota nyasi, nairudia ndoo. Kurudia ndoo si aibu. Lakini nilishamwambia Siafu kwamba mama yake ana meza.

Alhamisi, 13 Machi

Leo jioni nimemwambia wifi.

Nilimkuta kwenye hatua za mlango, somo la saba, Siafu anampigia makofi kila ukurasa ukigeuka. Nilisema yote nimesimama, mkoba begani, kama mtu aliyekuja kudai. Droo. Tiki. Kitufe. Jumatatu. Nikasema, "Ulimaliza wifi. Ulimaliza tangu Februari. Mimi ndiye sikumaliza."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliilaza simu kifudifudi. Akanipa mtoto. Akaenda kwenye kamba kuanua nguo, akakunja moja moja, zake, za kaka yake, za Siafu. Na zangu pia. Zangu kazikunja vizuri kuliko zote, na kila aliyoikunja ilinichoma.

Baada ya hapo akauliza kitu kimoja tu, bila kuniangalia: "Siku ile kaka aliponiita kasuku, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa nahisi.

"Nilidhani ugali ule umekushinda," akasema.

Baba Siafu nilimweleza akiwa anavua viatu. Akabaki na kimoja mkononi. Akasema, "Si ungeninyamazisha tu, mke wangu? Dada yangu nimemtukana bure." Kaenda kumwomba radhi. Nimesikia wifi akimwambia kwamba radhi za kaka zinapokelewa pamoja na vocha ya simu. Kumbe kwake ana utani. Kwangu mimi ndiyo hana.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu asubuhi. Niko kwenye benchi, nje ya mlango wa Bosi. Naandika ili mikono iwe na kazi. Fomu ya Januari ninayo, nimeitoa kwenye jalada mwenyewe. Pembeni ya kila tiki ya simu nimeandika kwa kalamu nyekundu: SIKUJARIBU. Mara kumi na mbili. Mkono unajua sasa ni kazi ndefu kiasi gani, kuandika ukweli mahali ambapo tiki ingetosha.

Wifi yuko hapa. Sikumwomba. Nilipofika barabarani nikasikia viatu nyuma — vile vyake vya shughuli — kambeba Siafu, kanyoosha macho mbele kama hatujuani. Tumekaa benchi moja, mtoto katikati. Siafu anapenda hapa. Ameshapiga tiki moja kwenye mguu wa benchi. "Tayai!" Bado mwanangu, bado.

Ndani namsikia Bosi. Anamuuliza Fundi atakiambia nini chuo, na saa zinakwenda. Fundi anasema apewe mpaka jioni. Bosi anasema jioni ni mwakani! Ana haki. Saa sita ikipita, orodha ya watakaofanya mtihani inakwenda yenyewe, haiulizi mtu.

Nimepanga maneno. Nitaanza na fomu, siyo na homa ya mtoto. Homa nitaitaja nikiulizwa. Nikiianza ile, watanihurumia, na huruma siyo niliyokuja kuomba. Nimekuja na nyayo. Zitoe, Bosi, nitamwambia, zipo zote, wasomaji hawa walitembea mpaka mwisho, mlango ndio niliokosea kuuweka —

Fundi katoka. Kaniona na fomu, kaona wekundu. Kasimama. Ameelewa, nadhani, maana kajishika kichwa, na halafu — sijui — kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kauacha mlango wazi.

Bosi ananiita. "Mama Siafu! Mbona umekaa nje kama mgeni? Ingia!" Nakuja, nimesema, nakuja. Siafu kang'ang'ania shingo yangu. Wifi, ambaye hajanisemesha tangu jana, kanyoosha mikono. "Mtoto nipe mimi, wifi. Na hiyo fomu usiikunje. Nenda ukawaambie kama ulivyoniambia mimi."