Dakika Tatu

Rusinga, 12 Agosti 1967

Kwako Nashon,

Sisi tuliobaki ni wazima. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Ile santuri uliyomrekodi Mama akimwombolezea marehemu kaka yetu Odero, tuliisikia dukani Mbita. Ngoma zako zinalia vizuri kabisa. Jina la Odero halimo, umelikata. Ulisema upande mmoja haubebi zaidi ya dakika tatu. Mbona ngoma zako hukuzikata? Mama alisikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani, hakuimba tena.

Tulimzika Mama Jumanne. Telegramu tuliyokutumia kutoka Homa Bay uliijibu: uko studio, una kazi.

Ukitaka kuja kumlilia, njoo. Tutakupa dakika tatu.

Ni mimi dada yako,
Dorka Akeyo