Turubai la Mama Nabintu

Jumamosi, 2 Machi 2019

Siku nane kabla ya kumchagua mwenyekiti wa jumuiya yetu, Wakongomani wa Kyebando na Bukoto. Mgombea wangu, Hippolyte, hana mpinzani. Kwa mshauri hakuna hali ya hatari kama hiyo. Mgombea asiye na mpinzani hujitafutia mmoja.

Alipita jioni akitoka kwenye karakana yake ya milango Katwe, vumbi la chuma kwenye nyusi. Nikamrudia kanuni yangu ya kwanza: msibani fika wa kwanza. Turubai na viti vya jumuiya viwe vimesimama kabla familia haijamaliza kupiga simu. Hotuba husahaulika. Aliyeleta viti hasahauliki.

Hayo nilijifunza kwetu Uvira, nikimwandikia mbunge mmoja hotuba, katika mwaka ambao nadhani naukumbuka peke yangu. Huku ugenini niko tangu 1997. Nimemsaidia kushinda hata diwani mmoja, mwenyeji wa hapa. Tukikutana soko la Bukoto hunisalimia kama anavyomsalimia muuza nyanya. Ndivyo kazi yangu ilivyo. Ikifanyika vizuri, sikuwepo.

Hippolyte akauliza hali ya Mama Nabintu, mjane wa pasta, aliyelazwa wiki ya tatu sasa. Mbaya, nikasema. Tena nilikuwa nimeshaandika hotuba ya kumuaga, ukurasa mmoja na nusu, ili Hippolyte aisome siku ikifika. Mshauri mzuri huandika mapema. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumatatu, 4 Machi

Balaa.

Saa mbili asubuhi Hippolyte alipita Kyebando, akaona makochi ya Mama Nabintu yako nje, kapeti ukutani, sebule tupu. Kwetu sebule huondolewa vitu kwa sababu moja. Hakuuliza — anayeuliza anakuwa wa pili. Saa tatu turubai limefungwa, viti sitini vimepangwa. Majirani kuona turubai, wakaanza kulia. Wakwe wawili wa mama, wake za wanawe, wakatokea sokoni na kuku, wakakuta kilio nyumbani kwao, wakaachia kuku, wakalia kuliko wote. Na ni wao waliotoa makochi! Walikuwa wanasafisha nyumba. Mama anarudi leo kutoka hospitali.

Akarudi. Saa tano, kwa gari la kukodi, ana fimbo na mfuko wa dawa. Nilikuwa nimeshaketi kiti cha mbele. Hippolyte alikuwa amesimama na karatasi yangu, amefika kwenye neno "marehemu".

Mama Nabintu akavitazama viti, safu kwa safu.

"Nani amekufa kwangu?"

Hakupaza sauti. Hippolyte akaikunja karatasi. Mimi, na miaka yangu thelathini ya kuzima majanga ya wengine, nikainuka kumpisha kiti.

Jumanne, 5 Machi

Nimepiga hesabu. Wana watano, wake zao, wajukuu wenye umri wa kuchagua: watu thelathini na wawili. Na kanisa zima linacheka.

Hippolyte yuko kwangu tangu asubuhi. Anataka tuseme wabeba viti walikosea nyumba. Nimekataa. Uongo wa namna hiyo unahitaji mtu wa kuutunza kila siku, na yeye ana karakana. Tutaomba radhi. Haraka, kwa miguu, mikono mitupu.

"Hata sukari?"

"Hata sukari. Ukibeba sukari, umekuja msibani tena."

Jumatano, 6 Machi

Tumekwenda. Mama Nabintu alitupokea kwenye kochi, sasa liko ndani. Hippolyte akapiga magoti. Hilo hatukulipanga, lakini lilikuwa zuri.

"Mama, unisamehe. Nilikimbia sana."

"Ulikimbilia nini, mwanangu?"

"Kuwa wa kwanza."

"Basi umekuwa. Hakuna atakayenizika mbele yako."

Wakwe wakacheka hadi wakashikana. Nikadhani tumepona. Ndipo mama akanyoosha mkono. "Ile karatasi iko wapi? Machozi nimeliliwa, viti vimekaliwa. Maneno tu ndiyo sikuyasikia."

Hippolyte akasoma. Mama akawa anasahihisha. Yatima aliowaficha kwenye ghala la unga wakati wa vita hawakuwa kumi na mmoja, walikuwa kumi na wanne. Mumewe hakufa akiomba, alikufa akidai chai. Mwisho akauliza nani ameandika. Hippolyte akanionyesha kwa kidevu.

"Muzee Guerschom, huyu mama wa karatasi ni mtu wa maana. Ningependa aishi kidogo." Akaichukua karatasi mkononi mwa Hippolyte. "Fomu za uenyekiti zinafungwa lini?"

"Kesho saa kumi, mama," nikajibu.

Haraka mno. Mazoea ya kazi. Hippolyte, bado kwenye magoti, akageuka kunitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Nabintu amechukua fomu. Esperance, mkwe mkubwa, ndiye aliyeijaza. Sera zake: ukurasa wangu mmoja na nusu, bila "marehemu".

"Muzee, umeniandikia mpinzani," alisema Hippolyte. Alikuwa karibu kucheka. Karibu tu. Kisha: "Jumapili utakuwa nyuma yangu?"

Nikasema bila shaka. Nilipougua taifodi ni yeye aliyenibeba kwa pikipiki, kanifunga kwake kwa kitenge nisianguke.

Lakini hatupigi kura kwa karatasi. Tunafanya kama vijiji vya hapa: wagombea wanasimama uwanjani, kila mtu anapanga mstari nyuma ya wake, mchana kweupe. Zamani nilikuwa nakaa langoni na daftari, na hakuna aliyeniuliza. Chaguzi zote nilizoshinda, nilizishinda nimekaa.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Nabintu ametuma mtu aniulize kama neno "mvumilivu" linaweza kutoka. Amelichoka. Nimelitoa. Nikaweka "mkaidi".

Sikumwambia Hippolyte.

Jumapili, 10 Machi

Naandika langoni pa kanisa, Bukoto. Ibada imekwisha, mistari imepangwa. Hippolyte amesimama, shati jeupe. Mama Nabintu hawezi kusimama muda mrefu. Ameketi kwenye kiti cha jumuiya na watu wamepanga mstari nyuma ya kiti.

Anayehesabu ni Komakech, mlinzi wa kanisa, kwa kuwa ni Mwacholi na hana ndugu kwetu. Amehesabu mara mbili, akigusa kila bega.

"Sabini na moja. Na huku sabini na moja," anasema. "Kuna mtu iko nje ya laini?"

Vichwa mia moja na zaidi vimegeukia langoni.

Hippolyte amesogea mbele hatua moja, na mstari wote hauko nyuma yake tena sawasawa: ameacha nafasi ya mtu mmoja mwembamba, mara tu baada ya mgongo wake. Haniiti. Ananitazama tu, kama siku ile ya pikipiki alipogeuka kuona kama bado nimeshikilia.

Mama Nabintu hageuki.

Komakech amefika. "Muzee, wewe iko wapi?"

Nimemwomba dakika moja nimalize sentensi.

"Mwacheni aandike," anasema Mama Nabintu, uso mbele. "Huyo ataandika mpaka tufe kweli."

Watu wanacheka. Hippolyte hacheki. Komakech amesimama juu yangu, kivuli chake kimefunika daftari.

Sentensi imekwisha. Nimeanza nyingine.