Kuipunguzia Mwendo Mashine ya Anzelmi

Kaka Anzelmi,

Nakuandikia nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya kabati. Tangu tukuzike Rungwe Mpya situlii. Nafungua mlango, naufunga. Natoka hadi barabarani, narudi mbio kama niliyesahau kitu, kumbe hakuna. Mama anasema nimerithi miguu yako. Wewe ulikuwa unakula huku unatembea. Na malaria nayo ikakuchukua vivyo hivyo, haraka haraka: Ijumaa unacheka dukani, Jumapili tunatafuta mbao za jeneza. Sijazoea. Sijui watu wanazoeaje.

Acha nikupe habari za kompyuta, maana najua ndiyo ungeiulizia kabla hata ya kunisalimu.

Unakumbuka zile memori nne ulizotumiwa na rafiki yako wa Dar, zimeviringishwa kwenye soksi? Uliifungua mashine palepale, ukazichomeka kando ya nne za zamani, kisha ukaingia kwenye mipangilio yake ya ndani, ile skrini ya bluu, ukaamuru memori zote ziende kwa kasi ya juu kabisa. "Adela, sasa hii ni nyati!" Siku iliyofuata ukaanza kutetemeka kwa homa.

Baada ya matanga nilirudi dukani kwetu Kasulu kuendelea kuchapa ule mtihani wa jiografia wa mwalimu wa Kibondo. Asubuhi nilichapa vizuri. Mchana, mashine ilipopata joto, skrini ikaganda. Nikabonyeza kila kitufe, wapi. Nikazima, nikawasha, nikaanza upya. Ikaganda tena, safari hii katikati ya swali la mmomonyoko wa udongo.

Nikailaumu jenereta. Mzee Shabani, mwenye chumba chetu, akanijia juu: "Binti, jenereta hii haijawahi kuniangusha tangu niinunue!" Lakini moyo wake unaujua. Aliichomoa mwenyewe friji ya soda ili umeme wote uje kwangu. Mashine ikaganda vilevile.

Kisha akaja Baba mdogo Petro na baiskeli yako. Akaitazama mashine, akatikisa kichwa. "Imekufa na mwenyewe. Kuna mfanyabiashara Kigoma anaitaka hivyo hivyo. Siku ya mnada naichukua. Wewe rudi nyumbani, jembe haligandi." Lakini hii ndiyo kazi pekee ninayoijua, na wewe ndiye uliyenifundisha. Na mwalimu naye alikuwa ametuma salamu kwa dereva wa lori: kama siwezi, niseme, aupeleke mtihani kwingine.

Nikaifungua, kaka. Peke yangu. Nilishika chuma cha kasha kwanza, umeme wa mwilini usije ukaziunguza memori, kama ulivyonizoesha. Nikatoa memori zako mpya, nikaacha za zamani. Ikaganda hata kabla ya adhuhuri. Nikabadilisha: za zamani nje, mpya ndani. Siku nzima haikuganda, lakini mtihani wenye ramani ukakataa kufunguka, memori hazitoshi. Kwa hiyo nilizihitaji zote nane.

Nikazunguka chumba. Za zamani zilitufanyia kazi miaka bila matata, hazikuwa mbovu. Kilichobadilika ni ile kasi uliyoweka. Nikasikia sauti yako kabisa: "Ubongo wa mashine unaita, memori inaitika. Ukiita tena kabla haijaitika, mnapishana." Mpya zilikuwa zinaitika upesi. Za zamani, zikishapata joto, zilikuwa zinaachwa nyuma. Zilitaka tu zingojewe kidogo.

Nikaingia kwenye skrini ya bluu. Na hapo mkono ukagoma.

Mashati yako yamegawiwa. Baiskeli unajua iko kwa nani. Redio wameibadilisha stesheni. Ila pale, mbele ya neno la kungoja, palikuwa na sifuri, yaani isingoje kabisa, uliyoiweka kwa kidole chako, na hakuna mtu aliyekuwa ameigusa. Nililia, nikatoka, nikatembea sokoni mpaka muuza dagaa akaniuliza kama nimeibiwa. Nikarudi. Nikaiondoa sifuri yako, nikaweka moja. Kingine sikukigusa, maana ulisema ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi limeponya.

Si nyati tena. Ukifungua ramani unaweza kupiga mswaki ukaikuta bado inajichora. Nami nilivyo siku hizi, nusura niipige teke. Lakini nilichapa asubuhi, nikachapa mchana, jua likageuka, na haikuganda. Kesho yake vilevile. Mwalimu alikuja mwenyewe kutoka Kibondo kuchukua stensili za kurudufia mtihani, vumbi mpaka kwenye kope, akasema mtihani wa muhula ujao ni wangu pia. Siku ya mnada Baba mdogo alifika na kamba ya kufungia mzigo. Akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akaniangalia nikichapa. Mwishowe akakohoa: "Basi yule wa Kigoma atafute nyingine." Kisha akaniomba nimchapie barua ya kiwanja.

Jana alikuja Mama. Seremala anataka jina lako kwa herufi kubwa ili alifuatishe kuchonga msalaba, na Mama akasema yeye mwenyewe ndiye atakayeliandika. Kusoma hajui, unajua. Nikawa namwonyesha kitufe, yeye anakitafuta kwa kidole kile chenye kovu la mundu. Mimi nyuma yake natapatapa, nataka nimmalizie. "Buhoro, mwana wanje," akaniambia, yaani polepole, mwanangu. Akabonyeza A, akasahau kuinua kidole. Zikatoka A nyingi, msururu mzima, ndipo zikafuata herufi nyingine.

Nikanyoosha mkono nizifute. Akaniuliza, "Zinasemaje hizo?" Nikamwambia ni kama mtu anayeivuta A, aaaa, bila kukata pumzi. Akaitazama skrini. Halafu akasema, "Ziache. Ndivyo nilivyokuwa namwita akiwa kule bondeni na mbuzi."

Kwa hiyo, kaka, ukiona msalaba wako una jina refu kuliko la kwenye cheti cha ubatizo, usiseme Adela hajui kuchapa. Seremala aliniuliza mara mbili kama nimekosea. Nilimwambia achonge kama lilivyo.

Mashine itabaki hapa Kasulu, nami nitabaki nayo, hilo nakuahidi. Na herufi za Mama hakuna atakayezipunguza maadamu mimi nipo. Pumzika, kaka yangu. Akikuita kwa sauti hiyo ndefu, itika.

Mdogo wako,
Adela