Njia Nyekundu Nisiyoitia Sahihi

Jumatatu, 3 Machi

"Mtu ambaye hajawahi kukanyaga mlima hana la kusema juu ya ramani ya mlima." Ndivyo alivyonijibu Bwana Ramani, ofisa wa hifadhi aliyechora ramani ya mtandaoni ambayo kiwanda chetu kinaichapa kwenye karatasi. Haya! Basi daktari wa meno mwenye meno yote thelathini na mawili asiguse jino la mtu!

Mimi ni msahihishaji. Miaka ishirini na sita nimesahihisha vitabu vya wauguzi, sheria za kodi, mpaka mwongozo wa kufuga nyuki – na nyuki nawaogopa. Nyonga yangu hainifikishi ghorofa ya pili bila kupumzika, kwa hiyo mlima naupanda kwa kidole. Tangu Januari, kila saa ya chakula, naifungua ile ramani, naizungusha, nailaza, nashuka nayo mabondeni. Kambi zote nne nazijua. Lile ziwa lenye umbo la sikio nalijua. Nilichomwambia ni kidogo tu: njia nyekundu namba tano imechorwa juu ya mto.

Kanijibu kwa kiburi. Kesho atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Nimekosea. Si mto. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Lakini si njia pia!

Ramani ina kitufe cha kurudisha picha za setilaiti nyuma. Nikarudi miaka sita: msitu mtupu, kijani kibichi, mahali pale hakuna mstari wowote. Nikaja miaka mitatu iliyopita, baada ya zile mvua kubwa: mchirizi mweupe, kutoka ukingoni juu mpaka chini bondeni. Ardhi iliporomoka. Na mtu fulani, ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka, kauona mchirizi, kadhani ni njia, kaupitishia rangi nyekundu.

Njia yenyewe iko kushoto. Kwenye picha ya zamani inachungulia mara tatu kati ya miti, imejikunjakunja kama utumbo. Nikapima na urefu. Kutoka juu hadi chini ya ule mstari ni mita mia moja themanini, na kwenda mbele ni sitini tu. Huo ni ukuta.

Nimemwandikia tena. Nimekiri la mto. Iliniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Meneja kaniita. Hifadhi inalalamika, eti namsumbua mteja.

"Mama, kazi yako wewe ni herufi. Mistari ni ya mteja."

"Na mteja akiandika 'kunywa sumu' badala ya 'kunywa supu', niache kwa kuwa herufi ni sahihi?"

Akacheka, halafu akakumbuka kwamba hataki kucheka. Kanisukumia nakala ya mwisho. Nitie sahihi, mashine iwashwe.

Sikutia. Bila sahihi ya msahihishaji mashine haiwashwi – kanuni yake mwenyewe, aliyoibandika ukutani mwaka ule tulipochapa kalenda yenye Juni ya siku thelathini na moja. Nikamwonyesha ukuta kwa kidole. Mashavu yakamvimba.

Fundi wa mashine, nikipita: "Mwalimu, leo umefika kilele kipi?" Nikamwambia nimefika pale meneja anapotoa moshi.

Jumapili, 9 Machi

Kumbe ni zaidi ya karatasi. Binti wa mdogo wangu kanipigia simu. Chama chao cha matembezi ndicho kitakachoizindua upya njia namba tano, Jumamosi ijayo. Watu thelathini na wanne. Wanaanzia juu alfajiri, kwenye ukungu, wanashuka.

Hakupiga kuniaga. Kapiga kunigombeza! Habari zangu zimewafikia.

"Mama mkubwa, unaniaibisha. Wenzangu wanauliza kama ni ndugu yangu."

"Afadhali uaibike ukiwa mzima. Anayewaongoza anaijua njia?"

"Ana ramani kwenye simu."

"Ramani ipi?"

Kwa sauti ndogo: "Hiyo hiyo."

Nimemwomba asiende. Kasema ameshanunua viatu. Viatu!

Jumatatu, 10 Machi

Jibu limekuja, na ripoti ya ukaguzi imeambatanishwa. Bwana Ramani anadhani amenimaliza. Ripoti ina mihuri miwili, kurasa tisa, na ukurasa wa saba, mstari wa nne kutoka chini, inasema njia namba tano "imekaguliwa kwa kutumia ramani ya mtandaoni".

Nimeisoma mara tatu, nimesimama. Ramani imejikagua yenyewe ikajikuta haina kosa! Na humo humo imeandikwa kwamba njia ilifungwa tangu zile mvua. Miaka mitatu hakuna mguu uliopita pale, si wa mlinzi wala wa mbuzi. Na huyu ndiye aliyenisema mimi kuhusu kukanyaga!

Nimempelekea meneja ukurasa wa saba. Kausoma. Kanirudishia. Halafu: mteja ni mteja.

Jumatano, 12 Machi

Saa nane na dakika arobaini. Nakala iko mbele yangu, kalamu juu yake. Meneja kasema saa tisa: nitie sahihi, au nirudishe ufunguo wa meza yangu niondoke. Yuko nje ya kioo, anaongea na simu, ananiangalia.

Simu ya binti wa mdogo wangu haipokelewi tangu jana.

Nimeandika kwenye sehemu ya maoni ya ramani yenyewe, pale pale njia inapoanzia. Nanakili hapa, maana najua watayafuta:

"Ninyi thelathini na wanne wa Jumamosi, na wewe binti yangu mwenye viatu vipya: msiniamini mimi. Mimi ni mwanamke wa nyonga mbovu aliyewahi kuliita poromoko mto. Fungueni ramani hii hii. Rudisheni picha miaka sita, mtafute njia namba tano, muone kama ipo hapa ilipochorwa. Halafu mwulizeni kiongozi wenu, wote mkisikia, ni nani aliyeshuka hapo kwa miguu yake tangu mvua zile, na siku gani. Asipowapa jina na tarehe, kaeni pale juu. Asishuke mtu hata mmoja."