Neno Alilolipeleka kwa Jirani

Mjukuu wangu Hamisi, mume wangu mdogo,

Marahaba kwa shikamoo yako. Hapa Likawage hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na korosho zimeanza kudondoka.

Umeniuliza kama naumwa, maana umesikia nimemwonyesha mama yako sanda yangu. Siumwi.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa nilikuwa msichana. Kaburi la mama yangu tuliliacha mahame, kule tulikoishi zamani. Siku moja tukiwa tunakula, baba alisema, "Wanangu, siku yangu ikifika..."

Kaka akamkatiza: "Baba, usijichulie!"

Na mimi nikacheka. "Kula ugali, mzee, bado tunakutaka."

Akamega tonge, akala.

Alipofariki tulimzika palepale kijijini. Siku ya tatu jirani yetu mmoja mzee akashangaa: "Mbona hamkumpeleka mahame? Aliniambia anataka kulala kando ya mkewe."

Tutafanyaje, naye keshazikwa? Lakini kilichoniuma zaidi, Hamisi, ni kwamba baba alikuwa na watoto watano, na neno lake akalipeleka kwa jirani.

Basi mimi nikifia huko kwenu Dar es Salaam, nizikeni hukohuko, msihangaike na barabara zetu hizi. Ila wewe uwe miongoni mwa watakaonishusha kaburini. Usinijibu kwamba bado nitaishi sana, hayo anayajua Mungu. Niandikie tu kwamba umesikia.

Bibi yako akupendaye,
Bi. Somoe