Safu ya Kazi za Wanafunzi

Rehema mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Huku Masanze hatujambo; babu yako bado anabishana na redio. Unauliza utamkosoaje mwalimu mwenzako bila kumuumiza.

Nilipoanza kufundisha Kidodi nilikuwa mwoga, naongea na ubao. Mwalimu Zuhura, mwenzangu wa pale shuleni, alisoma andalio langu la somo la hesabu za sehemu, akausifu mfano wa kukata muwa, kisha akafunika kwa kiganja safu ya kazi za mwalimu.

“Soma za wanafunzi.”

“Kusikiliza. Kusikiliza. Kusikiliza.”

“Ungekuwa wewe, mdogo wangu, usingesinzia?” Tukacheka. “Huo muwa wape waukate wenyewe.”

Kesho yake darasa zima liligombania nusu na robo. Mtoto ambaye hakuwahi kufungua mdomo akanisahihisha! Mpaka leo mwili hunisisimka.

Kwa mwenzako, utafute kwanza muwa wake. Ndipo uweke kiganja.

Bibi yako anayekuombea